SOMO: CHEREHANI INAPOKWENDA KWA KUSITASITA
Tulitafute kosa kwa utaratibu, kuanzia sakafuni mpaka kwenye sindano



Somo letu la safari hii linahusu cherehani ya kanyagio, na hasa ugonjwa wake mmoja ambao kila fundi anaujua: mwendo usio sawa. Mara gurudumu ni jepesi, mara ni zito. Mara mishono ni mirefu, mara ni mifupi imerundikana mahali pamoja. Fundi akikanyaga kwa nguvu zaidi, nguo haisogei. Akiivuta kwa mkono, sindano inapinda au inakatika.

Tumelichagua somo hili kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba wenzetu wengi wanaishi kwa cherehani. Tuchukue Rwekubo na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ambayo mpaka mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Mbarara. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, wakiishi jirani na wenyeji wa Isingiro. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha, na ushonaji ni mojawapo ya kazi zinazowalisha. Fundi wa huko anashona vitenge, sare za shule na nguo za kazi za vibarua. Umeme haufiki kila kibanda, kwa hiyo mguu ndio mota yake.

Sababu ya pili ni malipo. Fundi wa kibandani hulipwa kwa nguo, na mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mara nyingi hulipwa kwa kipande. Wote wawili hawalipwi kwa muda waliopoteza wakihangaika na mashine. Zaidi ya hayo, nguo ikiharibika, lawama ya kwanza humwangukia aliyekaa kwenye kiti. Mfanyakazi asiyejua kulitafuta kosa hana la kujibu. Anayejua anaweza kusema kwa uhakika, na kuwaonyesha wengine kwa macho, kwamba kosa liko kwenye mashine, au kwenye uzi, au kwenye mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo lengo la somo hili.

I. NGUVU INAPITA WAPI?

Kabla ya kushika bisibisi, tuifuate safari ya nguvu. Mguu unasukuma kanyagio. Kanyagio inasukuma fimbo iliyosimama. Fimbo inazungusha gurudumu kubwa la chini. Mkanda unachukua mzunguko huo na kuupeleka kwenye gurudumu dogo la juu, lile tunalolishika kwa mkono. Gurudumu hilo linazungusha shafti iliyomo ndani ya kichwa cha cherehani. Hapo nguvu inagawanyika: sehemu inapandisha na kushusha sindano, sehemu inaendesha bobini, na sehemu inaendesha meno yaliyo chini ya nguo.

Meno hayo yana mwendo wa hatua nne: yanapanda, yanasogeza nguo nyuma, yanashuka, yanarudi mbele yakiwa chini. Mmarekani Allen B. Wilson alipata hati ya uvumbuzi wa mwendo huo mwaka 1854, na mpaka leo Singer, Butterfly na cherehani nyingine nyingi zinautumia. Jambo la kukumbuka ni hili: meno yanasogeza nguo wakati sindano iko nje ya nguo. Anayevuta nguo wakati sindano imo ndani anaipinda sindano, na mshono wake hauwezi kulingana. Kazi ya mikono ni kuelekeza. Kuvuta ni kazi ya meno.

Basi kosa la mwendo linaweza kukaa popote katika safari hiyo ndefu, na ndiyo maana kubahatisha hakufai. Wengi wetu, mshono ukiharibika tu, tunakimbilia skrubu ya mkazo wa uzi. Tunaikaza, tunailegeza, tunaikaza tena. Baada ya nusu saa kosa la kwanza bado lipo, na tumeongeza la pili. Kanuni yetu iwe hii: tusiguse skrubu yoyote mpaka tujue kosa liko upande gani.

II. MAJARIBIO MATATU YA KUGAWA MASHINE

Jaribio la kwanza: ondoa mkanda. Toa mkanda kwenye magurudumu, kisha kanyaga. Kanyagio na gurudumu kubwa vikienda laini, sehemu ya chini ni nzima, na kosa liko juu. Vikigonga, vikikwama au vikisita, umekwisha kulipata eneo la kosa, na huna haja ya kukigusa kichwa.

Jaribio la pili: zungusha kichwa kwa mkono. Mkanda bado uko nje. Toa uzi, toa bobini, inua mguu unaokandamiza nguo. Zungusha gurudumu la mkono pole pole kuelekea kwako, mizunguko mitano. Likiwa jepesi mwanzo hadi mwisho, kichwa ni kizima. Likiwa zito mahali pamoja katika kila mzunguko, kuna kitu kimenasa ndani. Likiwa zito mzunguko mzima, mafuta yamekauka. Sasa legeza ile skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono, ile tunayoilegeza tunapojaza bobini, ili gurudumu lizunguke bila sindano kwenda. Uzito ukibaki vile vile, kosa liko kwenye gurudumu lenyewe. Tazama pia kifaa cha kujazia bobini: mara nyingi kimesahauliwa kikiwa kimeegemea gurudumu na kulizuia kama breki.

Jaribio la tatu: karatasi. Hili ndilo jaribio la ushahidi. Chukua karatasi ya daftari na uchore mistari iliyoachana inchi moja moja. Weka sindano iliyochakaa, kwa kuwa karatasi inaitia ubutu. Usitie uzi. Rudisha mkanda, weka urefu wa mshono kama milimita 2.5, shusha mguu, na endesha karatasi kwa kanyagio, mikono ikielekeza tu. Kisha hesabu matundu katika kila inchi. Yakiwa 10, 10, 10, 10, meno yanafanya kazi yao. Yakiwa 10, 14, 8, 12, mwendo haulingani, na hakuna anayeweza kubisha. Rudia tena kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Matundu yakilingana kwa mkono lakini yasilingane kwa kanyagio, chunguza mkanda na mwendo wa mguu. Yasipolingana kwa njia zote mbili, chunguza meno. Yakilingana kwa njia zote mbili huku mshono wa nguo ukiwa mbaya, basi chunguza uzi, sindano, mguu unaokandamiza na mikono yako.

Andika tarehe na namba ya mashine juu ya karatasi hiyo, uiweke. Tutaona baadaye inafaa nini.

III. TUPANDE KUTOKA CHINI

Sakafu na miguu. Vibanda vingi vya Rwekubo na Nakivale vina sakafu ya udongo. Mguu mmoja wa chuma ukizama, meza inayumba, na kila kanyagio inapoteza nguvu yake kwenye kuyumba huko. Bonyeza pembe nne za meza, moja baada ya nyingine. Pembe ikicheza, weka ubao mpana chini ya miguu yote, si kijiwe chini ya mguu mmoja, maana kijiwe hutoroka. Asiye na pimamaji ailaze chupa yenye maji kidogo juu ya meza na kutazama maji yamekaaje. Halafu kaza boliti za miguu, kwa sababu mtikisiko huzilegeza kila wiki.

Kanyagio na fimbo. Sauti ya "ko, ko" inayokuja mara moja kwa kila mzunguko mara nyingi hutoka kwenye viungo vya fimbo au kwenye ncha zinazoishika kanyagio. Shika fimbo kwa mkono na uitikise. Ikicheza, kaza kidogo, tia tone la mafuta, jaribu tena. Ukikaza kupita kiasi, kanyagio itakuwa nzito, na goti lako ndilo litakalolipa.

Mkanda. Mkanda wa ngozi hurefuka kwa kutumika. Ukilegea, unateleza: mguu unakwenda, sindano inachelewa, kisha inaruka ghafla. Ukikazwa mno, gurudumu ni zito siku nzima. Ufupishe kidogo kidogo, nusu inchi kila mara, kwa maana ngozi iliyokatwa hairudi. Futa mafuta yaliyodondokea mkanda. Tazama pia waya wa kiungo: ukisimama nje, unagonga kila unapopita juu ya gurudumu.

Hapa tujifunze kusikiliza. Mgongo unaorudi kila mzunguko wa gurudumu kubwa unatoka chini, kwenye gurudumu, fimbo au kanyagio. Unaorudi kila mkanda unapomaliza safari yake unatoka kwenye kiungo cha mkanda. Unaorudi kwa kila mshono unatoka kwenye kichwa. Weka alama ya chaki kwenye gurudumu kubwa na nyingine kwenye mkanda, ukanyage pole pole, utazame ni alama gani inapita pale sauti inaposikika.

Kichwa. Vumbi jekundu la kiangazi na manyoya ya nguo vikichanganyika na mafuta vinakuwa kama gundi. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya kuliko yote, maana hukauka na kugandisha shafti. Mashine iliyoganda itiwe mafuta ya taa kidogo kwenye matundu yake ya mafuta, nje ya nyumba na mbali na moto au sigara. Izungushwe kwa mkono mpaka uchafu utoke, ifutwe, halafu itiwe mafuta ya cherehani, tone moja kila tundu. Baada ya hapo shona kitambaa cha taka kwanza, usije ukatia doa nguo ya mteja. Toa bobini na kibweta chake, utafute kipande cha uzi kilichonasa. Uzi mmoja mfupi unatosha kusimamisha cherehani nzima, hasa pale gurudumu linapoanza kuzunguka kinyume. Ndiyo maana tunaanza kwa mkono juu ya gurudumu, kisha mguu unafuata.

Meno na mguu unaokandamiza. Fungua bamba la sindano. Manyoya yaliyoshindiliwa kati ya meno yanayazuia yasipande, na nguo inabaki ikicheza mahali pamoja. Yachokoe kwa brashi au kijiti, usiyapulize kwa mdomo, maana unayarudisha ndani pamoja na unyevu. Meno yakiwa juu kabisa yaonekane juu ya bamba kwa karibu milimita moja. Yakiwa yamelika na kuwa laini hayatashika nguo, hayo ni ya kubadilishwa. Tusiendeshe mashine mguu ukiwa chini bila nguo, kwa maana chuma kinakula chuma.

Kisha pima mkandamizo. Kata vipande viwili vya kitambaa kimoja, kila kimoja sentimita 50, uvishone pamoja bila kuvuta. Cha juu kikibaki kirefu kwa kiasi cha kuonekana wazi, mguu unakandamiza mno: meno yanapeleka cha chini, na mguu unakizuia cha juu. Legeza skrubu ya juu kidogo. Nguo nzito kama ile ya ovaroli ikisita au kuyumba, huenda mkandamizo ni hafifu, kaza kidogo. Geuza nusu mzunguko, jaribu, andika. Mwishoni kabisa ndipo tufikie sindano na mkazo wa uzi.

IV. MEZA NDEFU YA KUSHONEA MIFARISHI

Wenzetu wanaofanya kazi kwenye mashine za mkono mrefu za kushonea mifarishi wana jambo kinyume na hili. Huko nguo imetandazwa na haisogei. Kichwa cha mashine ndicho kinachotembea, juu ya magurudumu madogo na reli, kwa urefu na kwa upana wa meza. Lakini utaratibu ni ule ule, kuanzia sakafuni.

Kiachie kichwa huru mwanzoni mwa meza, katikati na mwishoni. Kikijiendea chenyewe, meza haiko sawa au imebonyea, na kichwa kinatafuta bondeni kama maji. Sawazisha miguu ya meza kabla ya kitu kingine. Pima nafasi kati ya reli mbili mahali patatu. Zikikaribiana upande mmoja, magurudumu yatabana hapo. Futa reli na uondoe nyuzi zilizojizungusha kwenye magurudumu. Angalia waya wa umeme usiburure kichwa nyuma.

Chaki nayo itumike. Kila kichwa kinaposita, weka alama kwenye reli, halafu rudia safari. Kikisita tena pale pale, kosa ni la reli. Alama zikiachana kwa umbali ulio sawa, kosa ni la gurudumu, kwa kuwa linarudi kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Mfanyakazi wa kiwanda cha chai anayesimamia ukanda wa kusafirishia majani anaweza kutumia chaki hiyo hiyo kesho asubuhi. Njia hii si ya cherehani peke yake.

V. KOSA LA MASHINE LISILIPWE NA MSHONAJI

Tufanye hesabu. Mashine ikimsimamisha mfanyakazi mara sita kwa saa, dakika mbili kila mara, ni dakika 12. Kwa siku ya saa nane ni dakika 96, yaani zaidi ya saa moja na nusu. Anayelipwa kwa kipande anaipoteza saa hiyo kutoka mfukoni mwake, na jioni anaambiwa ni mvivu.

Ndiyo maana tunasisitiza ile karatasi yenye matundu. Ina tarehe, ina namba ya mashine, na haina maneno ya kubishania. Mfanyakazi akiipeleka kwa msimamizi pamoja na mjumbe wa chama, mazungumzo yanahama kutoka kwenye tabia yake na kwenda kwenye meno, mkanda na reli. Kila chumba cha kazi kiwe na daftari moja: siku, mashine, dalili, lililopatikana, aliyetengeneza, na siku iliyotengenezwa. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litaonyesha lenyewe ni mashine zipi zinahitaji kubadilishwa.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamwekea mwajiri wajibu wa kuweka mahali pa kazi na mitambo katika hali ya usalama. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo haimwachii mwajiri kukata mshahara jinsi apendavyo. Na Sheria ya Wakimbizi, ya 2006 pia, inaitambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Kwa hiyo mshonaji Mkongo au Mrundi wa Nakivale anayeajiriwa Mbarara asidhani kwamba hana la kusema mashine inapoharibika. Hata hivyo sheria huhitaji ushahidi, na ushahidi huandaliwa na anayeijua mashine yake.

Vile vile tuwe wakweli. Karatasi ikionyesha kwamba mashine ni nzima, tukubali kuangalia mguu na mikono yetu, na mwenye ujuzi amfundishe mwenzake bila kumcheka. Chama kinachotetea uzembe hakisikilizwi siku kinapotetea haki.

Kuhusu usalama, tukumbuke mambo matatu. Mguu utoke kwenye kanyagio na mkanda utolewe kabla mkono haujaingia ndani ya mashine. Ya umeme ichomolewe kwanza. Ncha za kitenge, mtandio na mikono mipana zifungwe mbali na gurudumu. Watoto wasicheze karibu na kanyagio, maana vidole vyao vinaingia pale ambapo vyetu haviingii.

Kwa mafundi wa vibandani wasio na mwajiri, tunashauri washirikiane watano au sita. Brashi moja, bisibisi mbili, spana, chupa ya mafuta ya cherehani na mkanda mmoja wa akiba vinaweza kununuliwa kwa mchango mdogo na kutunzwa na mmoja wao. Siku moja kwa wiki, kabla ya kufungua kazi, kila mmoja aipitie mashine yake kutoka sakafuni mpaka kwenye sindano.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Umeondoa mkanda, na kanyagio inakwenda laini. Kosa liko upande gani? Jaribio linalofuata ni lipi?
2. Matundu ya karatasi yanalingana, lakini mshono wa nguo haulingani. Taja mambo manne ya kuchunguza.
3. Kwa nini tunaacha skrubu ya mkazo wa uzi mpaka mwisho?
4. Hapo mnapofanya kazi, ni nani anayelipia muda mashine inaposimama? Je, mna daftari la mashine? Kama hamna, nani atalianzisha, na lini?
5. Chagueni mashine moja isiyo ya kushona, katika kiwanda au shamba lenu. Fuateni safari ya nguvu yake tangu mwanzo hadi mwisho, na mwonyeshe ni mahali gani mngeweza kuigawa mara mbili ili kulitafuta kosa.

Kila kikundi kiandike majibu yake na kuyakabidhi kwa mjumbe wa chama wa sehemu ya kazi.